Majibu ya Serikali kutoka Mawe Matatu

Watu wengi hudhani Serikali iko Dodoma. Mimi nimeitumikia miaka kumi na tisa, na naweza kuapa kwamba iko kwenye meza yangu, katika ofisi yenye bati linalovuja, Mtaa wa Mawe Matatu, jijini Mwanza, huku nyumba zilikopandiana juu ya majabali na ziwa likaonekana na kila mtu, hata asiye na choo. Naitwa Muganyizi Kaijage, Afisa Mtendaji wa Mtaa. Nina muhuri mmoja, kiti kibovu cha wageni, na hasira ambazo mke wangu Eugenia anasema nilitoka nazo Bukoba. Habari hii nimeshaisimulia kwa mdomo mara nyingi, na kila mara kuna kipande nakiruka. Leo naiandika ili nisikiruke.

Mwezi wa pili, wanaume sita wa mwalo wetu, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, waliingia ziwani kuvua dagaa. Mashine ikawazimikia, upepo ukawachukua, na kulipopambazuka boti ya doria ya nchi jirani ikawakuta upande wa pili wa mpaka, mpaka ambao majini hauna hata kijiti cha kuuonyesha. Nchi yenyewe sitaitaja, maana mambo niliyopitia yamenifanya na mimi kuwa mwanadiplomasia. Wakawekwa mahabusu. Mkubwa wao alikuwa Obedi, mume wa Kashindye, mama anayeuza dagaa soko la Mkuyuni na ambaye sauti yake hufika ofisini dakika mbili kabla yake.

Baada ya wiki tatu Obedi alipiga simu kwa msaada wa askari magereza mmoja wa kule mwenye huruma. Kesi yao ilipangwa kusikilizwa tarehe ishirini Juni. Hakimu alikuwa amesema wazi: ikija barua ya Serikali ya Tanzania, hata kabla ya siku hiyo, imeletwa na afisa wa ubalozi, ikitaja majina na kuthibitisha kwamba hawa ni raia na ni wavuvi wa kawaida, ataifuta kesi na watu waende kwao. Isipokuja, ni kifungo. Barua moja tu ndiyo iliyotakiwa.

Kashindye alianzia kwangu. Nikamwambia, nikiwa nimekunja nne, kwamba suala hilo ni la kidiplomasia. Nililipenda sana hilo neno. Nikamwandikia karatasi ya kwenda kata, kata wakamwandikia ya kwenda juu, huko juu wakamwambia arudi mtaani kwa kuwa mtaa ndio unaowafahamu wahusika. Alirudi siku ya nne, akaketi kwenye kile kiti bila kukaribishwa.

"Mtendaji, shikamoo."

"Marahaba. Umefanikiwa?"

"Nimefanikiwa kurudi. Nyie watu mnacheza danadana, na mpira ni mimi. Sasa nipeleke kwa mbunge."

Hapa lazima nimweleze Mheshimiwa Machibya, Mbunge wetu wa Jimbo la Ihumbo. Si mtu mbaya. Alikuwa fundi mzuri wa redio kabla hajaingia siasa. Lakini mwaka juzi alichaguliwa kwenda kwenye mkutano wa wabunge wa dunia, huko Ulaya, akarudi na tai yenye picha za njiwa na uchungu mkubwa juu ya visiwa vya Marovia, nchi ambayo hadi leo sijaiona kwenye ramani yoyote ya shule. Tangu hapo Marovia haikutoka kinywani mwake. Tukimuuliza maji, anasema Marovia hawana hata ya kunawa. Tukimuuliza zahanati, anatusomea idadi ya zahanati zilizobomolewa Marovia. Alikuja kwenye msiba wa mzee mmoja wa mtaa wetu, jeneza limeshafika kaburini, akaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wananchi wa Marovia. Tulisimama. Mjane aliniuliza kwa kunong'ona kama Marovia walikuwa na ukoo na marehemu.

Tulimkuta ofisini kwake mjini, katibu wake Queen akituonyesha viti.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Kashindye.

"Marahaba, mama. Karibu. Umepata kusikia habari za Marovia?"

"Hapana, baba. Mimi nimekuja kwa habari za Obedi."

Akasikiliza, nakiri alisikiliza vizuri, na macho yakamlowa. Kisha akasema ni yale yale, mateso ya binadamu hayana mpaka.

"Haya ya Obedi yana mpaka, Mheshimiwa," Kashindye akamjibu. "Huo mpaka ndio uliomponza."

Mheshimiwa akasema swali la wavuvi peke yake ni dogo, lingepotea katikati ya maswali ya visima na minara ya simu. Lakini likivalishwa sera ya mambo ya nje litapata uzito. Akaandika pale pale, nami nikamsaidia kunyoosha sehemu ya pili, maana sisi watu wa Kagera kalamu tumezaliwa nayo. Likawa hivi: Je, (a) Serikali ina msimamo gani kuhusu hali ya kibinadamu inayozidi kuzorota katika visiwa vya Marovia, na (b) ina mpango gani wa kuwarejesha nyumbani wavuvi wa Mtaa wa Mawe Matatu wanaoshikiliwa katika nchi jirani?

Kashindye aliomba asomewe mara mbili. Kisha akauliza kwa nini mume wake yupo (b).

Swali likaenda Dodoma. Wiki tatu baadaye, asubuhi, mhudumu wa kata akaniletea bahasha iliyogongwa muhuri mwekundu wa HARAKA SANA. Ilikuwa imetembea siku kumi na mbili. Nikaifungua nikakuta barua ya Wizara kwenda Mkoa, juu yake barua ya Mkoa kwenda Wilaya, halafu ya Wilaya kwenda Halmashauri, ya Halmashauri kwenda Kata, na ya mwisho ya Kata kuja kwangu. Zote zilisema tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kichwa cha habari kilikuwa swali letu. Serikali ilikuwa imeulizwa bungeni, na kwa kuwa Serikali haikuwa na jibu, ilikuwa inaniuliza mimi. Tena sehemu zote mbili, (a) na (b), majibu yafike kabla ya saa kumi jioni.

Sikuwahi kuulizwa msimamo wangu kuhusu nchi yoyote duniani. Nilinyoosha shati. Kwa sehemu (a) nikaandika: Mtaa hauna taarifa za uhakika kuhusu Marovia, ila unaendelea kufuatilia kwa karibu. Kwa sehemu (b) nilimwita Kashindye, akaja na harufu ya dagaa, akanieleza mashine ilivyozima, upepo ulivyowachukua, na kwamba wananchi wamechoka kupigwa danadana. Nikaandika kama alivyosema, nikagonga muhuri, nikapeleka kata mwenyewe kwa miguu.

Siku ya kujibiwa tulijaa mgahawani kwa Modesta kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya televisheni yake ndogo iliyofungwa juu ya friji. Kashindye alikuwa amevaa kitenge cha harusi. Saa tatu na ushee wakafikia swali namba mia mbili na kumi na nne. Tukamtafuta Mheshimiwa wetu, hatukuona tai ya njiwa. Akasimama mbunge mwingine, mnene, wa mikoa ya mbali kabisa na ziwa.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Mheshimiwa Machibya, naomba swali lake lipatiwe majibu."

Mheshimiwa Machibya alikuwa amesafiri. Queen alinitumia ujumbe baadaye: yuko nje ya nchi kwenye kongamano la uwajibikaji wa wabunge.

Naibu Waziri akasimama na karatasi. Akasema, kwa niaba ya Waziri, anaomba kujibu kama ifuatavyo. Kuhusu Marovia, Serikali haina taarifa za uhakika, ila inaendelea kufuatilia kwa karibu. Nikahisi masikio yanapata moto. Akaendelea na (b). Mashine ilizima, upepo ukawachukua. Kisha akainua kidole kama mtu aliyelipanga neno lake wiki nzima.

"Mheshimiwa Spika, napenda kulihakikishia Bunge lako kwamba Serikali imechoka kupigwa danadana."

Wabunge wakapiga meza. Mgahawani hakuna aliyepiga hata kijiko. Kashindye alinigeukia taratibu.

"Mtendaji, hayo si maneno yangu?"

"Ndiyo yako."

"Sasa nani anaipiga danadana Serikali?"

Mahali fulani kati ya kata na Dodoma mtu mwenye kalamu alikuwa amekata neno 'wananchi' akaweka 'Serikali', kwa sababu jibu la Serikali sharti lizungumze kama Serikali.

Yalikuwa yamebaki maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo tulipoweka tumaini letu, maana pale mbunge anaweza kumbana Waziri kwa lolote. Yule mnene akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali. Swali la kwanza la nyongeza likawa ni lini josho la ng'ombe la kata moja ya jimboni kwake litakamilika. La pili, daraja. Ndivyo wanavyofanyiana, ukimsomea mwenzako swali, nyongeza ni zako. Kashindye alisimama akaegemea friji akalia. Sikupenda kumwona analia, na sikupenda kuona kwamba kitenge cha harusi alikivaa kwa ajili ya josho.

Ila Spika wa siku hiyo alikuwa mtu wa makini. Alisema jibu la (b) limeeleza yaliyowapata wavuvi lakini halikusema Serikali itafanya nini, hivyo lirudi likajibiwe upya. Siku ya sita bahasha nyingine ya HARAKA SANA ikatua mezani kwangu, na barua tano, moja juu ya nyingine. Safari hii walitaka nieleze hatua ambazo Serikali imechukua na itakazochukua, kwa tarehe, pamoja na majina ya wahusika. Fomu ilikuwa imeambatishwa.

Nilimsomea Kashindye.

"Ta Muganyizi," akasema, akiniita kwa heshima ya kwetu, na hapo nikajua kuna kitu anakitaka. "Si tuliandika, yule bwana akasoma?"

"Alisoma."

"Vile vile?"

"Karibu vile vile."

"Basi leo usiandike kilichotokea. Andika kitakachotokea."

Nimesoma hadi kidato cha sita na nina cheti cha utawala, lakini akili hiyo haikunijia mimi, ilimjia muuza dagaa. Nikavuta karatasi. Nikaandika kwamba Serikali, kupitia ubalozi wake, itamtuma afisa gerezani siku ya Jumanne, tarehe kumi na saba Juni, saa nne asubuhi, akiwa na barua ya kuthibitisha uraia wa wavuvi wafuatao. Mkono ulikuwa mwepesi ajabu. Miaka kumi na tisa nimeandika barua za wanaogombania uchochoro, na siku hiyo nilikuwa namtuma balozi.

Sasa nafika kwenye kile kipande.

Fomu ilikuwa na mistari mitano. Safu ya kwanza majina matatu, ya pili mtaa anaoishi. Kashindye akanitajia Obedi na majirani wanne, wote wa Mawe Matatu, majina matatu matatu. Nikajaza. Mistari ikaisha.

"Na Ngosha," akasema.

Ngosha alikuwa mtu mzima, kama miaka arobaini, mwenye mwanya na kofia ya sufu hata juani. Alikuja mwaloni msimu mmoja uliopita kutoka kambi za visiwani, analala kwenye banda la nyavu, anawapikia wenzake ugali chomboni. Mwanza mwanaume yeyote usiyemjua jina unamwita Ngosha, na yeye aliitika, basi likabaki hilo.

"Ngosha nani?" nikauliza.

"Ngosha. Huyu wetu."

"Majina matatu, mama. Na anaishi mtaa gani?"

"Anaishi mwaloni. Nipe mpaka kesho nimtafute mtu anayemjua."

"Mwisho saa kumi leo. Na huyu si mkazi wangu. Mtaa wake utamwandika."

"Mtaa wake upi, Mtendaji? Andika tu, 'na mwenzao mmoja'."

Nilikasirika. Najua nilivyokasirika, nilipiga meza hadi muhuri ukaanguka. Nikamwambia Serikali haiandiki 'mwenzao'. Serikali inaandika jina, na asiye na jina tutamuongeza baadaye kwa barua ya nyongeza. Kashindye aliniangalia, akatazama saa ya ukutani. Alikuwa na mume wa kumrudisha na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Nikagonga muhuri.

Ikasomwa bungeni tarehe kumi Juni, neno kwa neno. Mheshimiwa Machibya safari hii alikuwapo, na tai yake. Naibu Waziri alitaja Jumanne, alitaja saa nne asubuhi, akasoma majina matano yote, na kwa Modesta watu walirusha kofia juu. Mheshimiwa aliposimama kwa nyongeza alimshukuru Spika, akamshukuru Waziri, akawasalimia wageni wake waliokuwa ukumbini, akaipongeza Serikali kwa kutopigwa danadana, na alipofika kwenye hali ya Marovia kengele ikalia akaambiwa akae.

Queen alinisimulia yaliyofuata. Wizarani kila mtu alimuuliza mwenzake ni nani aliyeahidi saa nne asubuhi. Wa chini walidhani agizo limetoka juu, wa juu waliona aibu kuonyesha kwamba agizo limepita bila wao kujua. Limeshasemwa ndani ya Bunge, limeandikwa, halifutiki. Ubalozini wakaamshwa kwa simu. Jumanne ile, saa nne kasoro dakika kumi, afisa alikuwa kwenye geti la gereza akiwa na barua yenye majina matano. Nilicheka hadi Eugenia akaja kuniuliza kama ni malaria. Nilitembea mtaani kifua mbele. Nilimwambia muuza chipsi kwamba sera ya mambo ya nje ya nchi hii anaijua mtu mmoja.

Walirudi Jumamosi iliyofuata, kwa basi. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameandaa mapokezi mwaloni, maturubai, kwaya na waandishi wa habari, na kushuka kwenye basi kusingependeza kwenye picha. Kwa hiyo watu wake waliwapokea stendi, wakawazungusha kwa gari hadi nyuma ya majabali, wakawapandisha mtumbwi, wakapigiwa kasia mita mia mbili ili watokee ziwani. Tulipouona mtumbwi kwaya ikaanza. Kashindye aliingia majini na kitenge cha harusi hadi kiunoni. Alimshika Obedi shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa sauti.

Nilisogea nami kupokea shukrani zangu. Nilikuwa nimezitayarishia jibu la unyenyekevu.

Obedi alikuwa amekonda. Alinipa mkono.

"Shikamoo, Mtendaji. Wameniambia barua uliiandika wewe."

"Marahaba. Ni kazi yetu."

"Ngosha hukumwandika?"

Nikasema tutamuongeza. Nikasema kuna utaratibu. Obedi alitikisa kichwa taratibu, si kwa kunipinga, kama mtu anayekumbuka tu.

"Yule afisa alitupanga mstari uwani," akasema. "Alikuwa anasoma jina, mtu anatoka mbele. Ngosha alikuwa ameshakunja shati lake na kofia, ameviweka kwapani. Mimi nikatoka, na wengine wakatoka. Likasomwa la tano, afisa akafunga faili. Ngosha akamwambia, mzee, angalia vizuri, pengine limejificha nyuma. Afisa akageuza karatasi, nyuma hapana kitu. Akasema hana mamlaka ya kuongeza jina ambalo Serikali haikulitaja. Tukaondoka yeye bado amesimama pale."

Nyuma yetu Mheshimiwa alikuwa amepewa kipaza sauti. Alisema leo tumeona matunda ya sera ya nje inayojali utu, na sasa tuelekeze macho yetu Marovia. Watu walipiga makofi. Pembeni mwa turubai alisimama mwanamke aliyebeba mfuko wa nguo za kiume, akiwahesabu walioshuka kwa kidole. Alihesabu, akaenda kuchungulia ndani ya mtumbwi, akarudi akahesabu tena. Niliondoka kabla hajamaliza. Nilikimbia, nisiseme uongo, mzee wa miaka hamsini na miwili nilikimbia kupanda majabali.

Alinipata ofisini Jumatatu. Aliitwa Getruda, anashona nguo Buhongwa, dada yake Ngosha. Alinisalimia shikamoo, akakaa kwenye kile kiti kibovu. Habari alikuwa ameshazipata kwa yule askari mwenye huruma: kesi ilisomwa Ijumaa ile ya tarehe ishirini, hakuna barua, hakuna wenzake wa kumsemea. Miezi kumi na minane.

"Mama Kashindye amenieleza," akasema. "Amesema alikuambia uandike 'na mwenzao mmoja'."

"Ndiyo."

"Ni maneno matatu."

Nilitaka kumweleza kuhusu fomu, mistari, saa kumi. Nikaona aibu. Nikamuuliza kitu ambacho kwa miezi mitano sikumuuliza mtu yeyote.

"Anaitwa nani?"

"Jonathan Chenge Ng'wandu."

Niliandika barua siku hiyo hiyo kwenda kata. Haikujibiwa. Nikaandika nyingine. Nikajifunza kwamba maji hayapandi mlima: karatasi yangu hufika Dodoma ikiwa Dodoma imeitaka, nisipoulizwa sina mdomo. Nikaenda kwa Mheshimiwa. Alisema Bunge limeahirishwa, na hata likikaa, kuuliza tena jambo ambalo Serikali imelijibu vizuri kungeonekana kama utovu wa shukrani. Getruda alikuwa anakuja kila Jumatatu, anakaa, ananisalimia, anaulizia, anaondoka. Hakuwahi kupaza sauti. Ningependa angepaza.

Jumatatu ya tano alikuwa hapo kitini ilipoletwa bahasha nyingine ya HARAKA SANA. Barua tano, moja juu ya nyingine. Wizara ilikuwa inaandaa taarifa ya utekelezaji wa ahadi za Serikali, na mtaa ulitakiwa kuthibitisha kwamba wavuvi wote wamerejea salama. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, NDIYO na HAPANA, na mstari mmoja wa maoni. Simu ikaita kabla sijaishika kalamu. Alikuwa Queen.

"Mtendaji, hiyo fomu imefika? Weka tu ndiyo. Mheshimiwa anataka kuisoma kwenye shukrani zake."

Nilikata simu. Nikaweka alama kwenye HAPANA, nikabonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Kwenye mstari wa maoni nikaandika, na maneno yalipozidi mstari nikaendelea pembeni, kisha nikageuza fomu nikamalizia nyuma: Wamerudi watano, na mwenzao mmoja hajarudi, anaitwa Jonathan Chenge Ng'wandu, yuko gerezani kwa sababu Afisa Mtendaji wa Mtaa hakumwandika. Afisa wa ubalozi atakwenda kumtoa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

"Nisomee," akasema Getruda.

Nikasoma yote, mbele na nyuma.

"Soma tena jina."

Nikasoma tena. Alilifuata kwa midomo, bila sauti, akahakikisha yapo yote matatu. Kisha nikagonga muhuri, nikaupuliza wino ukauke, tukaipeleka kata wote wawili kwa miguu.